Kiraka Chenye Shina: Upasuaji wa Kutengeneza Upya Sehemu za Siri Zilizojeruhiwa

Mkulima wa viazi vitamu katika vilima vya Kasulu analijua jambo moja ambalo matabibu wa upasuaji walihitaji karne nyingi kulifahamu barabara. Rando likikatwa na kuchomekwa ardhini, uhai wake hutegemea udongo uliolipokea: ukiwa na unyevu litachipua, ukiwa mkavu litanyauka. Bali rando linalotambaa likiwa bado limeshikana na mmea mama laweza kupita juu ya jiwe tupu na kubaki la kijani, kwa maana hunywa maji kutoka mzizi wa zamani mpaka litakapotoa mizizi mipya mahali pengine.

Mwili wa binadamu nao hufuata kanuni iyo hiyo. Ngozi iliyobanduliwa pajani na kupandikizwa juu ya kidonda ni mfano wa rando lililokatwa. Kwa siku za mwanzo haina damu yake yenyewe, bali hufyonza majimaji ya kidonda. Na ikiwa chini yake pana kovu gumu, usaha, au mkojo unaochuruzika, hufa. Kiraka chenye shina ni kitu tofauti. Hicho ni kipande cha ngozi, cha mafuta au cha msuli, kinachoinuliwa kutoka mahali pake pamoja na mshipa wa damu unaokilisha, kikageuzwa au kupitishwa chini ya ngozi mpaka kwenye jeraha, huku upande wenye mshipa ukiachwa bila kukatwa. Kiraka cha namna hiyo hakiombi chakula kwenye kidonda. Hukiletea kidonda chakula.

Katika majeraha ya sehemu za siri, tofauti hiyo mara nyingi ndiyo inayoamua kama mgonjwa atapona au atarudi kwao alivyokuja. Hapo ni mahali penye unyevu daima, karibu na njia za haja ndogo na kubwa, ambapo bandeji haitulii, na ambapo nyama hazina budi kubaki laini na zenye kunyumbuka ili kazi zake za maumbile ziendelee. Ndipo pia mahali ambapo mgonjwa huchelewa sana kumwonyesha tabibu. Aliyevunjika mkono hupelekwa hospitali na majirani siku hiyo hiyo. Aliyejeruhiwa tupu yake huweza kujifungia ndani kwa miezi, na wengine kwa miaka.

JERAHA LISILOLETWA NA KISU

Wilaya za Kibondo na Kasulu zimo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, mpakani mwa Burundi. Mwaka 2012 zilimegwa, Kakonko ikatoka Kibondo na Buhigwe ikatoka Kasulu. Mbali na hospitali za serikali, zipo za misheni zilizojulikana tangu zamani, kama Kabanga iliyoko Kasulu na Heri iliyoko Buhigwe. Anayefikiri juu ya majeraha ya sehemu za siri katika nchi kama hii huenda akafikiria kwanza pikipiki, au pembe ya ng'ombe. Kwa wanawake, sababu iliyo kubwa kuliko zote ni nyingine kabisa, nayo ni uchungu pingamizi.

Kichwa cha mtoto kisipoweza kupita katika nyonga ya mama, hukandamiza kibofu na ukuta wa uke dhidi ya mfupa wa kinena. Uchungu ukiendelea kwa siku moja, mbili, na wakati mwingine tatu, damu haipiti katika nyama zilizobanwa. Nyama hizo hufa, na baada ya siku kadhaa humeguka na kutoka, zikiacha tundu kati ya kibofu na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa. Tundu hilo huitwa fistula, ambalo kamusi hulitaja pia kwa jina la nasuri. Mara nyingi mtoto huzaliwa amekwisha kufa, na mama hubaki akivuja mkojo usiku na mchana.

Yafaa kuelewa kwamba jeraha hilo ni zaidi ya tundu. Pembeni mwake hubaki duara la nyama zilizonusurika nusu nusu, zenye makovu na damu haba, na aghalabu uke wenyewe huwa umefupika na kuwa mwembamba. Watu wengi hudhani kwamba daktari hushona tundu kama fundi cherehani anavyoshona kanzu iliyochanika. Kitambaa kilichooza pembeni hakishiki uzi.

Aina ya pili ya jeraha hutokana na ukatili wa binadamu. Vita vya Burundi vilivyozuka mwaka 1993 vilileta maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika Kibondo na Kasulu, na kuanzia mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu ilipokea waliokimbia kutoka Kongo. Katika kambi ya Kanembwa, wilayani Kibondo, shirika la International Rescue Committee lilifanya uchunguzi miongoni mwa wanawake wa Burundi katika miaka ya 1996 na 1997, na takriban mwanamke mmoja kati ya wanne alieleza kwamba amekwisha kufanyiwa ukatili wa kingono. Upande wa Kongo, katika mji wa Bukavu, Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege ilipata umaarufu duniani kwa kuwatibu wanawake waliojeruhiwa kwa namna hiyo, na mwaka 2018 Mukwege alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad.

Hata hivyo, takwimu za Panzi kwenyewe zina funzo ambalo halizingatiwi sana. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, kati ya wanawake 604 waliotibiwa hapo kwa fistula, 24 tu ndio waliosema kwamba fistula yao ilitokana na ukatili wa kingono. Waliobaki walikuwa wamejeruhiwa kwa namna nyingine, na wengi wao kwa kujifungua bila msaada. Vita vilikuwa vimewajeruhi hao pia, lakini kwa njia isiyo ya moja kwa moja: barabara hazipitiki usiku, zahanati imeporwa, mkunga amekimbia.

Kwa wanaume, sababu ni ajali. Pikipiki ya abiria ikianguka, tangi na usukani hugonga kinena. Nguo ikinaswa na mkanda wa mashine ya kusaga, huvutwa pamoja na ngozi ya uume na ya mfuko wa korodani, ambayo hubanduka kirahisi kwa kuwa maumbile yameifanya iwe legevu. Kuna pia maambukizo makali yanayokula ngozi ya sehemu hizo kwa siku chache, yaliyopewa jina la daktari Jean Alfred Fournier wa Ufaransa aliyeyaeleza mwaka 1883. Hayo si ajali, lakini tatizo linaloachwa kwa mpasuaji ni lile lile.

DAMU HUPITA KATIKA SHINA

Wazo la kiraka chenye shina ni la kale. Nchini India pua zilizokatwa zilikuwa zikitengenezwa kwa ngozi ya paji la uso iliyogeuzwa na kuteremshwa, shina lake likibaki katikati ya nyusi. Na mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari ya mswaga ng'ombe aliyeitwa Cowasjee, aliyetengenezwa pua kwa njia hiyo. Madaktari wa Ulaya waliisoma kwa mshangao, ingawa mafundi wa India hawakuona ajabu yoyote.

Historia ya fistula ni ya uchungu zaidi. Kati ya mwaka 1845 na 1849, katika mji wa Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alifanya majaribio ya upasuaji kwa wanawake watumwa, ambao majina ya watatu kati yao yanajulikana: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara zipatazo 30, bila nusukaputi. Ushindi wa Sims, aliouchapisha mwaka 1852, ulitokana na uzi wa fedha usioleta maambukizo kama ulivyoleta uzi wa hariri. Mbinu yake ilitosha kwa matundu yaliyozungukwa na nyama zenye afya, lakini haikutosha pale ambapo nyama zenyewe zilikuwa zimekufa.

Jibu la tatizo hilo la pili lilitolewa mwaka 1928, na watu wawili walilitoa mwaka huo huo kila mmoja kwa njia yake. Nchini Marekani, daktari Garlock alichukua msuli mwembamba wa paja la ndani, unaoitwa grasilisi, akaupitisha chini ya ngozi mpaka kwenye tundu la kibofu. Nchini Ujerumani, Heinrich Martius wa Göttingen alichukua mafuta yaliyomo ndani ya shavu la nje la uke. Njia ya Martius ndiyo iliyoenea zaidi katika hospitali za Afrika, kwa sababu haihitaji vyombo vya gharama wala jeraha jingine kubwa mbali na hapo.

Namna inavyofanyika inaeleweka hata na asiye tabibu. Mgonjwa huchomwa ganzi ya uti wa mgongo. Kwanza mpasuaji hutenganisha kibofu na ukuta wa uke, akalifunga tundu la kibofu kwa uzi bila kulivuta, kwa maana mshono unaovutwa huzuia damu. Kisha hupasua shavu la uke kwa urefu, akaliinua fungu la mafuta lililo ndani. Fungu hilo lina bahati ya kulishwa kutoka pande mbili: mishipa mingine huingia kwa juu, karibu na kinena, na mingine kwa chini, upande wa makalio. Mpasuaji hukata upande mmoja na kuuacha mwingine, kisha hutoboa njia chini ya ngozi, akalivuta fungu na kulilaza juu ya mshono wa kibofu. Ukuta wa uke hufungwa juu yake. Kwa hiyo kati ya mishono miwili huwapo tabaka jipya lenye damu, na mshono mmoja ukilegea haukutani na wa pili. Shavu lililopasuliwa hufungwa, na baada ya kupona kovu lake halionekani kwa urahisi.

Ni lazima njia hiyo chini ya ngozi iwe pana. Ikiwa nyembamba, hulibana shina, na kiraka hufa kwa sababu ile ile iliyoua nyama za kwanza. Wanaofundishwa kazi hii huambiwa waingize vidole viwili katika njia hiyo kabla ya kulivuta fungu, na wanaopuuza hujuta siku ya tano.

Sayansi, hata hivyo, haina adabu kwa desturi. Mwaka 2006 daktari Andrew Browning, aliyekuwa akifanya kazi Ethiopia, alichapisha ulinganisho wa wanawake waliowekewa kiraka cha Martius na wasiowekewa, akasema kwamba hakuona faida ya kiraka hicho katika kuziba tundu. Wapasuaji wengi waliacha kukitumia kwa kila mgonjwa, wakakihifadhi kwa matundu makubwa, kwa yaliyokwisha kushindikana mara moja, na kwa yaliyogusa mrija wa mkojo. Uamuzi huo unaonekana kuwa wa busara. Kiraka si hirizi. Hakina la kuongeza pale ambapo damu ipo ya kutosha.

Pale ambapo uke wenyewe umeliwa na kovu, mafuta peke yake hayatoshi, maana inahitajika ngozi ya kuupanua. Mwaka 1989 madaktari Wee na Joseph wa Singapore walieleza kiraka kinachochukuliwa katika mkunjo kati ya paja na shavu la uke, chenye urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 6 hivi, kinacholishwa na mishipa inayotoka upande wa nyuma. Ubora wake ni kwamba neva huja pamoja na damu, hivyo ngozi hiyo hubaki na hisia, na mahali ilipotolewa hufungwa kwa mshono mmoja. Ngozi iliyopandikizwa bila shina ingejikunja na kusinyaa mahali kama hapo. Msuli wa grasilisi nao unatumika bado kwa mashimo makubwa. Mtu anaweza kuutoa bila kushindwa kutembea, kwa kuwa paja lina misuli mingine ya kazi hiyo hiyo.

Kwa mwanamume hesabu ni tofauti kidogo. Ngozi ya mfuko wa korodani hunyumbuka sana, na ikibaki nusu yake aghalabu inatosha kuvutwa na kufungwa. Ikiwa imekwenda yote, korodani huweza kufichwa kwa muda ndani ya mifuko inayotengenezwa chini ya ngozi ya mapaja, mpaka kidonda kitakate. Baadaye hufunikwa kwa kiraka cha paja au kwa ngozi ya kupandikiza. Hapa kiraka kinene si bora nyakati zote: korodani hufanya kazi vyema zikiwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na mafuta ya paja huzipasha moto. Kwa kijana ambaye hajapata watoto, ngozi nyembamba isiyo na shina yaweza kuwa chaguo linalofaa, mradi kidonda kilicho chini yake kiwe safi na chenye damu.

SAA ZA MWANZO

Yote yaliyoelezwa hufanyika na mabingwa, na mabingwa hawa ni wachache. Kibondo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka mji wa Kigoma, na zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Wagonjwa wengi wa fistula hutibiwa katika Hospitali ya Bugando mjini Mwanza au hospitali ya CCBRT mjini Dar es Salaam. CCBRT ilianza mwaka 2009 kutuma nauli ya wagonjwa kwa njia ya M-Pesa, baada ya kutambua kwamba matibabu ya bure hayamfai mtu asiyeweza kupanda basi. Barabara ya kutoka Kigoma kupitia Kasulu na Kibondo hadi Nyakanazi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, imekwisha kuwekwa lami kwa sehemu kubwa.

Lakini bingwa hukuta alichoachiwa. Kiasi cha nyama hai kitakachokuwapo siku ya upasuaji huamuliwa wilayani, pengine na tabibu wa zahanati. Ajali ikitokea, kidonda huoshwa kwa maji safi mengi, nyama zilizokufa dhahiri huondolewa, na zenye shaka huachwa, kwa kuwa sehemu hizo zina damu nyingi na hushangaza kwa kupona. Kidonda kichafu hakishonwi siku ya kwanza. Hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na kuangaliwa tena baada ya siku moja au mbili. Sindano ya pepopunda hutolewa. Damu ikionekana kwenye tundu la mkojo, mpira haulazimishwi kupita humo, bali mkojo hutolewa kwa kutoboa kibofu juu ya kinena. Majivu, samadi na dawa za majani zinazopakwa na jamaa wenye nia njema huongeza usaha, na usaha hula hasa zile pembe za jeraha ambazo mpasuaji angezihitaji.

Kwa mama aliyetoka katika uchungu wa muda mrefu, kitu kinachofaa mno ni mpira wa mkojo wa bei nafuu. Ukiwekwa mara tu baada ya kujifungua na kuachwa kwa wiki kadhaa, kibofu hupumzika, nyama zilizobanwa hupata nafasi ya kurejewa na damu, na baadhi ya matundu madogo huziba yenyewe. Mama huyo asingemhitaji Martius wala Singapore.

Na kabla ya mpira kuna upasuaji wa kumtoa mtoto kwa wakati. Mkoa wa Kigoma una historia ya heshima katika jambo hili. Mwaka 1984 katika hospitali ya mkoa, kina mama 933 walikuwa wakifa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Daktari Godfrey Mbaruku na wenzake waliingiza hatua 22, nyingi zikiwa za gharama ndogo: kukarabati vifaa, kuhakikisha dawa na damu zipo, kuwafunza watumishi na kuwataka wawajibike. Kufikia mwaka 1991 idadi ilishuka hadi 186. Mbaruku na Staffan Bergström waliichapisha habari hiyo mwaka 1995. Takwimu hizo ni za vifo, si za majeraha. Lakini uchungu unaomuua mama mmoja ndio huo huo unaomtoboa mwingine kibofu.

Jambo jingine lililothibitishwa katika mikoa ya Kigoma na Mwanza ni juu ya madaktari wasaidizi, kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha katika miaka ya 1960. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya, na hapakuonekana tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Mpango uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies kuanzia mwaka 2006 uliitumia hoja hiyo hiyo, ukaviwezesha vituo vya afya vya vijijini, vikiwamo vya Kigoma, kufanya upasuaji wa uzazi badala ya kumsubirisha mama gari la kwenda wilayani.

Baada ya kiraka kuwekwa, mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo. Kwa fistula nyepesi Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 siku 7 hadi 10. Kwa zilizo ngumu huwa zaidi. Hunywa maji mengi, hajamiiani kwa miezi mitatu hivi, na habebi mizigo mizito, sharti lililo gumu kwa mwanamke wa mlimani anayeteka maji bondeni. Ni vyema mume na mama mkwe waelezwe wakiwapo. Akishika mimba tena, haachiwi kujifungua kwa njia ya kawaida. Kiraka hunyumbuka, lakini kovu lililo kando yake halinyumbuki, na uchungu wa siku moja huweza kufungua tena kilichofungwa. Kwa hiyo kadi yake ya kliniki huandikwa tangu hudhurio la kwanza kwamba atapasuliwa. Kwa mkazi wa Kibondo au Kasulu upasuaji huo hufanyika wilayani kwake, naye hushauriwa ahamie karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zake kutimia.